Uliza Kwanza Nani Atakaa Wapi

Ninyi mnaouza magari kwa kurusha picha kwenye simu, nawaona. Gari limeoshwa likaoshwa tena, tairi zimepakwa mafuta, limeegeshwa mbele ya geti la mtu tajiri ambalo si lenu, na chini mmeandika: "Chuma kipo ngangari, njoo na fundi wako." Sawa. Siwacheki. Ningekuwa na simu hizo enzi zangu ningezitumia mpaka ziungue. Ila mmoja wenu, wa hapa hapa Bulyaga, aliniuliza juzi, "Mama Bupe, hivi zamani mliwezaje kuuza gari kabla mtu hajaliona?" Nikamwambia, mwanangu, sisi tulikuwa hatuuzi gari kabla hatujamwona mtu. Akacheka, akadhani bibi anamtania. Ndiyo maana leo nimeamua kukaa chini niseme nanyi.

Mimi ni mwanamke wa Kinyakyusa, mfupi, mwenye sauti kubwa, na nimeuza magari yaliyotumika hapa Tukuyu mpaka magoti yalipokataa kuinama chini ya bampa. Walimu wamepanda magari yangu, manesi wamepanda, wakulima wa chai na maparachichi, na wachungaji wawili wa makanisa yasiyoelewana, kila mmoja akidhani ndiye niliyempunguzia zaidi. Mpaka leo nikisimama barabarani gari hupunguza mwendo, kioo kinashuka, mtu anasema, "Mama, lile lako bado linatembea!" Mtasema najisifu. Ndiyo, najisifu. Nikisubiri nisifiwe na madalali wa Mbeya nitafia kibarazani.

Nilianza na birika. Nilikuwa nauza chai ya tangawizi kwenye yadi ya Mzee Ngwisa, pale kando ya barabara kuu, yadi yenyewe ikiwa ni kiwanja cha kokoto na kibanda cha mabati. Mzee Ngwisa alikuwa mrefu, mpole, havui koti la mvua hata jua likiwaka, na ukiujua huu mji utaona alikuwa na akili. Wateja walikuja na mafundi wao. Wanaume wanazunguka boneti, wanaongea habari za gasketi na gia boksi, mke amesimama pembeni analoa. Mimi namvuta chini ya bati, nampa chai. Na mwanamke akishashika kikombe cha moto kwenye baridi ya huku atakuambia kila kitu. "Dada, mgongo wangu huu, lile gari refu hivyo nitalipandaje?" Au, "Mume wangu anataka pikapu, sasa watoto atawaweka na mbolea?" Mimi namnong'oneza Mzee Ngwisa. Yeye anakohoa kidogo, anamwambia mteja, "Bwana, hebu kwanza tuangalie na hili jingine." Gari linaondoka siku hiyo hiyo.

Siku moja akaninyang'anya birika, akanipa funguo.

"Mzee, mimi hata kuendesha sijui!"

"Kuendesha nitakufundisha mwenyewe," akasema. "Hiyo kazi nyingine unayoifanya nimejaribu kuwafundisha wenzako, wamenishinda."

Mzee Ngwisa alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao madalali wenzake waliucheka. Hakufungua boneti kwanza. Alifungua milango. Mteja akae siti ya dereva, mkewe akae, mtoto akae nyuma, kama kuna bibi amekuja naye akae. Wakishakaa, anauliza, "Gari hili likifika nyumbani, nani atakaa wapi?" Watu wanajibu huku wanacheka, kumbe wanakuambia maisha yao yote. Mambo ya mfukoni aliyaacha mwisho kabisa. Alisema injini ina fundi wake, lakini siti haina fundi isipokuwa wewe unayeuza.

Msidhani nilizaliwa mjuzi. Kipindi changu cha kwanza cha funguo, kuna gari la bluu lilikuwa linangojea mnunuzi, afisa aliyehamishiwa huku kutoka Singida. Mimi na kimbelembele changu nikaamka alfajiri, ndoo, sabuni, brashi, nikaiosha injini mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Bwana akaja na tai yake. Nikazungusha ufunguo. Kwi, kwi, kwi, kimya. Tena, kwi, kwi. Maji yalikuwa yameingia kwenye nyaya mpaka basi. Nikatamani kokoto zinimeze. Mzee Ngwisa hata hakukunja uso. Akamwambia yule afisa, "Bwana, utusamehe. Tuna mama hapa ana usafi uliopitiliza. Tusubiri likauke." Sasa kukauka Tukuyu, mwezi wa nne, si utani. Tulisubiri, akanywa chai yangu yote, tukapuliza na pampu ya baiskeli, mwishowe likawaka. Na akalinunua! Alisema gari lililoogeshwa namna ile na bado likawaka halina ugonjwa. Tangu hapo sikuosha injini tena. Acheni vumbi na mafuta yake yaonekane, mnunuzi mwenye akili anataka kuona panapovuja.

Na ninyi mnaponunua ili muuze, sikilizeni. Nenda kwa mwenye gari asubuhi na mapema, usimpigie simu ukiwa njiani. Kabla ya salamu kwisha, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ujue ameshalibembeleza likawaka kabla hujafika, na kuna jambo anakuficha. Gari la huku lazima uliwashe likiwa limelala na baridi yake. Gari lililotoka pwani lala chali ulitazame tumboni, chumvi inakula chini huku juu rangi inameremeta. Kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, lakini mpira wa pedali ya breki haurudishwi. Ukiwa umelika upande mmoja, gari limezunguka hilo. Inua zulia unuse. Kisha lipandishe mlima na watu ndani, maana gari tupu kila mlima linauweza. Na mtu akikuapia kwamba gari lilikuwa la mama mmoja mwalimu, anakwenda nalo kanisani tu Jumapili, mwambie ulishamwona huyo mama. Nchi hii nzima magari yote yalikuwa yake.

Haya. Hayo mnaweza kuyapata kwa fundi yeyote. Nataka niwaambie habari ya Mzee Asajile, maana ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo.

Mzee Ngwisa alikuwa ameshatangulia mbele za haki, yadi nikiwa naiendesha mwenyewe, na mimi nimeshaanza kuzeeka. Siku ya mvua likaingia gari dogo jekundu, zuri kama pipi, siti bado zina nailoni. Akashuka Tumpe. Nilimfahamu kwa mbali, mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa na Gwamaka, mtoto pekee wa Mzee Asajile. Gwamaka anafanya kazi Dar. Tumpe alibaki huku na mzee, nyumba zao zikitazamana uani, mzee akiwa mjane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari zuri. Lina tatizo gani?"

"Halina tatizo. Nataka kuliuza."

"Gari lisilo na tatizo haliletwi hapa na mtu mwenye macho mekundu namna hiyo. Njoo bandani."

Nikampa chai, akalia kwanza, ndipo akasema. Mzee Asajile alikuwa anapofuka. Jicho la kushoto lilikuwa limeshajifunga kabisa. La kulia daktari wa Mbeya alisema bado linaokoleka, lakini apelekwe haraka afanyiwe upasuaji, na baada ya hapo aende na kurudi mara kwa mara litazamwe. Wakichelewa, basi. Gwamaka, mtoto mwema kwa kweli, akanunua gari kwa picha ya simu, akalileta kwa dereva mpaka mlangoni, ili mkewe ampeleke baba. Mzee akatoka na fimbo yake, akalipapasa gari kuanzia taa mpaka buti, akasifu. Akauliza, nani anaendesha? Akaambiwa, Tumpe. Akageuka, akarudi ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena karibu na gari lile.

Kwa wasio wa huku niwaeleze. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Ni heshima. Mkamwana akimwona baba mkwe njiani anatoka barabarani, anaingia migombani, anajifunika kanga, anangoja mzee apite. Jina lake halitaji. Chakula anapika yeye lakini anakipeleka mwingine. Siku hizi wengi wameacha, wanaketi meza moja na kupiga picha za harusi wamekumbatiana. Lakini nyumba ya Mzee Asajile ilikuwa haijaacha. Sasa chukua watu wawili hao, waweke kwenye kigari ambacho goti la nyuma linagusa mgongo wa dereva, na kioo cha katikati kinamwonyesha dereva uso wa aliye nyuma. Gwamaka alikulia mjini kwa shangazi yake, hilo halikumpitia kichwani.

"Nilimwambia," Tumpe akasema. "Akanijibu ni mambo ya kizamani, mfunge mkanda mwende. Mama, namfunga vipi mkanda mtu ambaye hata mkono wake sijawahi kuugusa?"

Walikuwa wamejaribu dereva wa kukodi, na gari lake mwenyewe. Alimpeleka mzee mara moja, akakimbiza gari kwenye kona za Kiwira mpaka mzee akaimba nyimbo za mazishi, na safari ya pili dereva huyo hakutokea kabisa. Basi Tumpe akaona auze gari, hela wamtafutie dereva wa kudumu mwenye gari lake. Na siku zilikuwa zinakwenda, na jicho nalo linakwenda.

Nikamwambia asiuze kwanza. Kesho yake nikavaa mabuti yangu ya mvua nikaenda kwa mzee. Nilimkuta kibarazani, amekaa wima kama yuko kanisani, uso ameuelekeza mlima Rungwe ambao hauoni tena.

"Ugonile, Tata," nikamsalimu kwa lugha yetu, kama kusema umelalaje, Baba.

"Ndaga. Nani huyo ana sauti ya tarumbeta?"

"Mimi Mama Bupe, wa magari."

"Ee, umekuja kumuuzia kipofu gali?" Mzee Asajile hakuwahi kusema gari maishani mwake, alisema gali, nami nitamwacha aseme.

"Bado sijajua, Tata. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Ukipanda gari, unataka kukaa wapi?"

Akaugeuza uso kutoka mlimani. Nikadhani nimemuudhi.

"Mwanangu ameniuliza kama nataka kupona," akasema. "Daktari ameniuliza kama naogopa kisu. Hilo la kwako hakuna aliyeniuliza."

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi nataka kukaa mahali ambapo mkamwana wangu hatapata aibu."

Mimi mnanijua mdomo wangu. Nikamwambia, "Lakini Tata, wewe huoni! Utamwonaje?"

"Gwe mama, yeye ananiona!" Akagonga fimbo chini. "Na watu wanamwona. Mimi nimezeeka, wakinisema leo kesho wananizika. Yeye ana miaka mingi ya kuishi na watu hawa. Binti yule hajanikosea hata siku moja tangu aje hapa. Akikohoa najua yuko upande gani, ninageukia upande mwingine, ili asihangaike. Leo nikae nyuma ya kisogo chake kwa sababu ya jicho? Liende tu hilo jicho."

Niliondoka. Kila mtu alikuwa anasema mzee ni mkaidi, anaogopa hospitali. Kumbe mzee alikuwa tayari kupofuka kwa ajili ya heshima ya mkamwana wake, naye mkamwana analia kwa ajili ya macho ya mzee, na kati yao kuna gari zuri ambalo halina mahali pa kuwaweka. Nikasema, Ee Mungu, kama nimejifunza chochote katika kazi hii nikitumie sasa.

Nikaanza kuwaza magari yote niliyoyajua kutoka Tukuyu hadi Uyole. Pikapu? Huwezi kumweka mzee nyuma kama mkungu wa ndizi. Basi dogo? Bado dereva na abiria ni chumba kimoja. Nikawaza nikiwa jikoni, nikawaza nikiwa kanisani, mahubiri sikuyasikia. Na ikanijia alfajiri ninapokula mkate. Mkate!

Kule Makandana kulikuwa na mama mmoja mwoka mikate, ana kigari cheupe cha kusambazia, cha mlango wa kuvuta ubavuni. Mara nyingi nilikuwa nimekiona kikipita dukani. Na ndani yake, nyuma ya siti ya dereva, kulikuwa na ukuta wa mbao kutoka chini hadi juu, ili mikate isimwangukie dereva, na katikati ya ukuta kijidirisha cha kupitisha mkono. Nikaacha chai mezani, nikaenda.

Nililikagua gari lile kama namkagua mchumba wa binti yangu. Nilifika kabla ya jua, mkono kwenye boneti, baridi kama jiwe la mtoni. Likawaka mara moja. Moshi safi. Nikalala chini, shokapu za nyuma zimechoka, hilo tulilimaliza kwa fundi. Nikalipandisha mlima na magunia ya unga ndani, likapanda bila kulalamika. Mama mwoka mikate naye alikuwa anataka kuacha kusambaza, apate kigari cha kumpeleka mjukuu shule. Nilipomwonyesha lile jekundu, alilizunguka mara moja tu, akapanda, akakataa kushuka. Tumpe akakubali, tukabadilishana gari kwa gari. Fundi siti akarudisha kiti nyuma ya ukuta, kipana, chenye mkanda, kikitazama mbele. Pazia la kile kijidirisha nililishona mwenyewe, kitenge cha maua, mara mbili ili mwanga usipenye.

Gwamaka akapiga simu kutoka Dar, mkali kama pilipili.

"Mama Bupe! Umechukua gari langu jipya ukampa mke wangu gari la mikate?"

"Ndiyo baba. Lako lilikuwa zuri. Hili linafaa."

"Watu watanicheka!"

"Wewe uko Dar, utawasikia wapi? Nisikilize. Baba yako akikataa kulipanda hili, nitalichukua mwenyewe, na wewe nitakutafutia gari lingine zuri kama lile, jina langu kwenye mji huu ndiyo rehani. Lakini akilipanda, utanipigia unisalimie vizuri."

Nilijitia ushujaa tu, jamani. Usiku ule sikulala. Jina ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakina kutu.

Siku ya safari Tumpe alipanda kwanza, akakaa kwenye usukani, kanga kichwani, uso mbele. Nikamshika mzee mkono, nikavuta mlango wa ubavuni, tukaingia. Akasimama ameinama, pua juu.

"Humu mna mikate?"

"Ilikuwemo, Tata."

"Wameacha harufu tu. Wangeacha na mmoja." Akapapasa ukuta, toka chini hadi juu, toka kushoto hadi kulia. Akaugonga kwa kidole, akasikiliza. Akalipata pazia, akalishika kati ya vidole viwili kuona unene wake. Mimi sipumui. Na najua upande wa pili Tumpe naye alikuwa hapumui.

Mzee Asajile akakaa. "Nifungeni mkanda," akasema.

Basi nikawa mimi mpeleka maneno, katika gari ambalo wenye maneno wangeweza kugusana viwiko.

"Mwambie asikimbize."

"Tumpe, anasema usikimbize."

"Mwambieni, mama, tunakwenda thelathini, baiskeli imetupita."

"Tata, baiskeli imetupita."

"Aiache. Mwenye baiskeli hajui aendako."

Kufika Isyonje ukungu ukashuka, mwaujua ukungu wa pale, hata pua ya gari huioni. Mzee akasema, "Mwambie awashe taa." Nikamuuliza amejuaje. "Baridi imepanda kutoka miguuni. Nilipita hapa kabla lami haijaletwa." Kabla sijafungua mdomo, Tumpe akasema kule mbele, kwa sauti ya chini, kama anajisemea, "Zimeshawashwa." Mzee akatikisa kichwa, hakuniambia nijibu kitu. Baadaye kidogo nikapitiwa na usingizi. Nilichoshtukia ni fimbo ikigonga ukuta, ko! Gari likasimama taratibu kando. Mzee alitaka kwenda haja. Aliporudi akagonga mara mbili, ko ko, tukaondoka. Nikajiona kumbe sina kazi humu. Safari zilizofuata sikwenda tena, fimbo ilitosha.

Jicho la kulia liliokoka. Siku alipotolewa bandeji, akaja kunitembelea na jirani yake, akasimama mbele yangu akanitazama kwa muda mrefu, akipepesa.

"Kumbe u mfupi hivi!" akasema. "Kwa ile sauti nilitegemea mtu mzima."

Watu yadini wakacheka mpaka wakashika magari. Na Gwamaka alipiga simu. Alinisalimu vizuri sana.

Lakini siku ambayo naibeba moyoni si hiyo. Ilikuwa baadaye, msimu wa mvua, mzee ameshaanza kutembea mwenyewe mpaka dukani kununua ugoro wake. Nimekaa mbele ya kibanda changu, nikamwona anateremka upande wa kushoto wa barabara, fimbo mkononi, anatazama kila kitu, mtu anayeona tena huwa na maringo ya namna yake. Na kwa mbele, kutoka chini, nikaliona gari jeupe linapanda. Tumpe anatoka shule.

Nikasimama. Kwa mila, anayepaswa kutoka barabarani ni mkamwana. Kwa miguu angeingia migombani, mambo yakaisha. Sasa yuko kwenye usukani, ukuta uko nyuma yake, mbele ni kioo kitupu, na mzee safari hii ana jicho. Nikaona gari linapunguza, linapunguza, likasimama katikati ya barabara. Tumpe ameinamisha kichwa kwenye usukani, kanga imemfunika. Hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi. Nyuma yake lori la ndizi likaanza kupiga honi, na nyuma ya lori gari jingine. Watu wakatoka madukani kuangalia.

Mzee Asajile akasimama. Akalitazama gari. Halafu yule mzee, mkubwa wa ukoo, ambaye wanaume wenye mvi humpisha njia, akavua kofia, akashuka mwenyewe mtaroni, maji yakamfika juu ya vifundo, akaigeuzia barabara mgongo. Akanyoosha fimbo, akagonga ukingo wa mtaro wa saruji. Ko ko.

Tumpe akainua kichwa. Gari likaondoka taratibu, likampita, likapanda kilima, na lori nalo likapita, kimya, dereva wake ameacha honi.

Nilikimbia na magoti yangu haya haya kumshika mkono atoke. "Tata! Mbona umeingia mtaroni? Barabara si pana hii?"

"Miaka yote ananipisha yeye," akasema. "Leo nimempisha mimi."

Nikamkalisha kwenye kiti changu. Akavua viatu, akavimimina maji, akaomba chai. Nami niliporudi na kikombe, nikawakuta vijana wa madukani wamesimama wanaulizana lile gari jeupe ni la nani, limetoka wapi.

Nikawaambia kwa sauti yangu hii mnayoijua: lile nililiuza mimi.